Sumu ya muhogo na masomo ya shimi: idara ya kemia na biokemia kwenye chuo kikuu inafanya kazi gani?

Mzazi ambaye mtoto wake anaingia chuo kikuu kusoma kemia, ile wengi kwetu tunaita shimi, huwa na swali moja: mtoto huyu atatumika wapi? Akisoma sheria, watu wanajua atakuwa avoka. Akisoma udaktari, wanajua pia. Kemia, wanaona tu chupa za glasi na moshi wa rangi kama kwenye filamu. Leo tunajaribu kujibu, lakini si kwa kupanga orodha ya kazi. Tumechagua kitu kimoja ambacho kiko karibu ndani ya kila nyumba ya Kivu, Maniema, Tanganyika na Ituri, ni kusema muhogo, na tutafuata vile watu wa kemia na wa biokemia wanaufundisha, wanaupima na kuuchunguza.

Kuchagua muhogo si mchezo. Mwaka 2011 watafiti walitangaza katika jarida la sayansi kama konzo imeonekana Burhinyi, wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Konzo ni ugonjwa unaopoozesha miguu, zaidi ya watoto na ya wamama wenye umri wa kuzaa, na unatokana na muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri. Mbele ya hapo, watu wengi huku mashariki walifikiri ni ugonjwa wa Bandundu tu.

"Bio-chimie" ya sekondari na biokemia ya chuo kikuu

Kwanza tuondoe fujo moja. Watu wengi waliosoma humanité za sayansi walipitia opsyo ya "bio-chimie". Pale ilimaanisha biolojia pamoja na kemia, masomo mawili yamefungwa kwa kamba moja. Kwenye chuo kikuu, biokemia ni somo moja lenye kusimama peke yake: kemia ya vitu vyenye uhai. Inauliza ugali unageuka namna gani kuwa nguvu ya kulima, maini yanasafisha sumu kwa njia gani, jani linatengeneza sukari kwa mwanga wa jua namna gani. Kemia yenyewe ni pana zaidi. Inashika mawe, maji, hewa, dawa, sabuni, petroli, rangi ya nguo. Ndiyo maana vyuo vingi vinaweka hizo mbili chini ya paa moja: mtu wa biokemia hawezi kutumika bila vyombo na hesabu za mtu wa kemia.

Mwaka wa kwanza mwanafunzi hakutani na vitu vikubwa. Ni kemia ya jumla, hesabu na fizikia, na wengi wanakatikia hapo, zaidi juu ya hesabu. Kisha inakuja kemia ya kaboni, kemia ya vipimo, na ile inayochunguza joto na mwendo wa mabadiliko. Biokemia inangoja mpaka misingi hiyo ishikamane, kwa sababu mtu hawezi kueleza enzimu kama hajui asidi ni nini. Zamani ilikuwa miaka 3 ya graduwa na 2 ya lisansi. Tangu inchi ilipoingia mufumo wa LMD, ni lisansi ya miaka 3, kisha masta ya miaka 2, kisha doktora kwa wenye kuendelea.

Ndani ya idara kuko maprofesa, chini yao mashefu wa travo, kisha maasistanti ambao wenyewe bado wanasoma. Kuko pia mafundi wa labo. Hawa ndio wanaosahauliwa sana, kumbe mara nyingi mwanafunzi anajifunza kushika pipeti kwa fundi kuliko kwa profesa.

Labo ndiyo moyo wa masomo haya. Katika yale mazoezi wanafunzi wanayaita TP, kitu cha kwanza wanachofundishwa ni kutojiamini haraka. Kipimo kimoja si kipimo. Unarudilia mara tatu. Tena unapima chupa moja ambayo haina kitu unachotafuta, kusudi ujue kama dawa zako zenyewe hazikudanganyi. Yule ambaye hajafundishwa hivyo anaweza kupima unga wa sokoni, akapata namba kubwa, akatisha mji mzima bure. Ao akapata namba ndogo, watu wakatulia wakati hatari iko.

Mkasi na kamba ndani ya mzizi

Sasa tushike muhogo. Ndani ya mizizi na ndani ya majani muko kitu kinachoitwa linamarini. Ni sukari ya glukozi iliyofungwa pamoja na kipande chenye sianidi. Ikiwa imefungwa hivyo, haiumizi mmea. Mwanafunzi wa biokemia anafundishwa kwamba linamarini inakaa ndani ya kifuko cha seli, na kwamba enzimu yenye kuikata, jina lake linamarazi, inakaa mbali nayo kidogo, kwenye ukuta wa seli. Muhogo ukiwa mzima, mkasi na kamba havikutani. Panya akiuma, mdudu akitafuna, ao mama akisaga, seli zinapasuka na viwili hivyo vinakutana. Mkasi unakata glukozi, na kinachobaki kinavunjika kuwa asetoni na asidi ya sianidi. Ndiyo silaha ya muhogo dhidi ya wenye kuula.

Muhogo mtamu uko na sumu hiyo kidogo, kwa kawaida chini ya miligramu 50 ndani ya kilo moja ya mzizi mbichi. Muchungu unaweza kupita 100, hata kufika mia kadhaa. Ukame unaongeza sumu: shamba moja, mbegu moja, linaweza kutoa mizizi mikali zaidi mwaka ambao mvua imekosa. Kwa hiyo mtu anayesema "huu tunaula tangia zamani, hauna neno" anasema kweli ya mwaka jana, pengine si ya mwaka huu.

Juu ya nini basi watu wanalima muchungu? Wakulima watakujibu bila kwenda chuo: wezi hawaupendi, nguruwe wa pori na nyani hawaupendi, na unaweza kukaa udongoni muda mrefu ukingoja mwenyewe. Kwenye inchi ambako mtu anaweza kukimbia kijiji chake miezi 6 na kurudi, hilo si jambo dogo.

Asidi ya sianidi inachemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi. Mchana wa Uvira ao wa Kalemie unaweza kupita hapo. Asubuhi ya Bukavu, hapana. Lakini hata chini ya nyuzi hizo inapanda hewani kidogo kidogo, vile nguo inakauka bila maji kuchemka. Kwa hiyo kazi yote ya kutayarisha muhogo mchungu ni mambo mawili: kuacha mkasi ukutane na kamba, kisha kuacha sumu iende na hewa ao na maji.

Ukilijua hilo, utaelewa mambo mingi ya jikoni. Kutia mizizi ndani ya maji siku 3 ao 4 kunafanya kazi sana, kwa sababu vijidudu vya maji vinalainisha mzizi, kuta za seli zinavunjika, enzimu inapata kutumika, na sehemu ya sumu inatoka na maji. Alama yake wamama wanaijua: ukifinya mzizi kwa vidole unalegea, unavunjika. Siku moja haitoshi. Kukausha juani peke yake, bila kuloweka, ni njia dhaifu, maana vipande vinakauka mbio, enzimu inakosa maji ya kutumikia, na linamarini inabaki ndani ya kosete kavu, nyeupe, nzuri kwa macho. Na kuchemsha mzizi mchungu moja kwa moja ni kudanganyika kabisa. Moto unaua enzimu, linamarini yenyewe haiogopi moto, nayo inabaki. Umevunja mkasi, kamba iko palepale.

Sombe je? Majani yanaweza kuwa na linamarini kupita mizizi, na watu wanakula kila siku bila kuanguka. Siri iko kwenye kinu. Kutwanga kunapasua seli karibu zote, enzimu ya majani ni nyingi, na kisha sufuria inakaa motoni muda mrefu, mvuke unapanda na sumu. Hakuna profesa aliyefundisha wamama wetu kutwanga sombe. Kemia ilikuja nyuma kueleza kwa nini walikuwa na haki.

Ndani ya mwili wa mtu

Hapa ndipo biokemia inaanza kazi yake hasa. Sianidi ikiingia mwilini inashika enzimu moja ndani ya seli, ile inayotumikisha hewa ya oksijeni kutengeneza nguvu. Oksijeni iko, damu inaileta, lakini seli haiwezi kuitumikisha. Mtu akipata nyingi kwa mara moja, kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma, hata kifo. Wenye kula muhogo mbichi mchungu kwa njaa wanayajua hayo.

Akipata kidogo, mwili unajitetea. Kwenye maini muko enzimu inayoitwa rodanezi. Inachukua salfa, inaibandika juu ya sianidi, inatoka tiosianati, ambayo si kali vile na inaenda na mkojo. Ndiyo maana watafiti wanaomba mkojo wa watoto wa shule: tiosianati iliyo ndani yake inaonyesha mtoto alikula sianidi kiasi gani siku zilizopita. Lakini salfa hiyo mwili unaitoa wapi? Unaitoa kwa protini, kwa asidi mbili za amino zinazoitwa methionini na sisteini. Samaki wanazo, mayai yanazo, nyama pia. Maharagi yanasaidia, ingawa si kwa kiasi hicho. Mtoto anayekula ugali wa muhogo na sambaza, ao na ndagala wa Tanganyika, yuko na silaha. Mtoto anayekula ugali huohuo na majani matupu, wiki baada ya wiki, anamaliza salfa yake kwa kupigana na sumu, na salfa hiyo ingemsaidia kukua.

Konzo inakuja pale mambo haya yanapokutana: sumu nyingi ndani ya unga, protini kidogo ndani ya sahani, na hali hiyo kuendelea majuma mengi. Mtu aliyekuwa mzima analala, anaamka miguu imekakamaa. Ao inaanza baada ya safari ndefu ya mguu ao siku ya kazi ngumu. Haileti homa. Haiambukizi. Haiendelei kuharibika kidogo kidogo kama magonjwa mengine. Inafika ndani ya siku chache, chini ya juma moja, kisha inabaki vilevile maisha yote. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliweka mwaka 1996 alama za kuitambua: mwendo wa kukakamaa kwa miguu yote miwili, mwanzo wa haraka kwa mtu aliyekuwa mzima, na magoti ao vifundo vinavyoruka kupita kawaida daktari akivigonga, bila ugonjwa wa uti wa mgongo. Kuna wanaotembea bila fimbo, kuna wenye fimbo moja ao mbili, kuna wasiotembea tena. Namna sianidi inavyoharibu mishipa ile ya fahamu inayoongoza miguu, na kuacha mingine, bado watafiti wanaijadili.

Jina lenyewe ni la Kiyaka, watu wa Kwango, na linaeleza miguu iliyofungwa. Daktari Mwitalia Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1938, wakati wa Wabeleji. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Zaire na wa Sweden, kati yao daktari Banea Mayambu na Hans Rosling, walionyesha jambo la kusikitisha kwa wepesi wake: biashara ya muhogo kwenda Kinshasa ilileta haraka, watu wakafupisha siku za kuloweka, na unga wenye sumu ukabaki nyumbani. Huko Mozambique, ukame wa mwaka 1981 uliacha wagonjwa zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula. Huku kwetu ilikuwa vita. Mifugo iliibwa, mashamba yaliachwa, na mwenye njaa hawezi kungoja siku 4 muhogo ulegee.

Tena si miguu peke yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa Kahemba kusini-magharibi mwa inchi, na ambamo alishiriki daktari Mkongomani Désiré Tshala-Katumbay, ulipima akili za watoto kwa mazoezi ya kukumbuka na ya mikono. Watoto wenye konzo walishindwa kupita wengine. Lakini hata watoto wasio na konzo, wa maeneo hayohayo, walikuwa nyuma ya wale wa mbali na ugonjwa. Mtoto anayetembea vizuri anaweza kuwa ameguswa tayari. Kwa maoni yetu, hii ndiyo habari nzito kuliko zote, na ndiyo inayosikika kidogo.

Idjwi: somo lililoanzia kwenye ziwa letu

Wengi hawajui kama moja ya kurasa kubwa za biokemia ya muhogo iliandikwa hapa Kivu. Miaka ya 1960, watafiti wa Ubeleji waliotumika na kituo cha Lwiro, kile kilichoitwa IRSAC wakati huo na leo ni CRSN, walienda kwenye kisiwa cha Idjwi kuchunguza goita, ule uvimbe wa shingo. Kila mtu alijua sababu yake: kukosa ayodini. Walipopima, wakakuta ayodini inakosekana kisiwa kizima karibu sawasawa. Goita lakini ilikuwa nyingi sana kaskazini na kidogo kusini-magharibi. Kama sababu ni moja, mbona matokeo ni mawili?

Daktari François Delange na wenzake walitafuta jibu ndani ya chakula, na wakaelekeza kidole kwa muhogo. Ile tiosianati ambayo maini yanatengeneza ili kutuokoa na sianidi inafanana kwa umbo na ayodini, na tezi ya shingo inadanganyika. Zote mbili zinagombania mlango mmoja. Ayodini ikiwa ya kutosha, tezi haioni shida. Ikiwa kidogo tayari, tiosianati inafunga mlango na tezi inavimba. Ndiyo maana chumvi yenye ayodini na muhogo ulioloweshwa vizuri ni dawa mbili za ugonjwa mmoja, na mtu asifikiri moja inatosha kwa kuondoa nyingine.

Mwalimu anayetaka kuonyesha wanafunzi wake uchunguzi ni nini, tungemwomba aanzie Idjwi. Watafiti hawakuanza na mashine. Walianza na kisiwa ambacho hakikutii maelezo yaliyokuwa kitabuni.

Karatasi ya njano

Sianidi haionekani, na ulimi unadanganya: uchungu na sumu mara nyingi vinaenda pamoja, lakini si kila mara. Lazima kupima. Kodeksi ya chakula ya FAO na OMS inaweka mpaka wa miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga wa muhogo. Namna gani kupima kitu kidogo hivyo kijijini, bila umeme?

Jibu lilitoka kwa mwanakemia wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, kule Canberra, J. Howard Bradbury, ambaye tayari mwaka 1988 alikuwa ametoa kitabu juu ya kemia ya mizizi ya inchi za joto. Miaka ya 1990 yeye na wenzake walitengeneza kifaa kidogo. Unatia miligramu 100 za unga ndani ya chupa ndogo, pamoja na enzimu na maji, unaning'iniza ndani yake karatasi ya njano iliyolowanishwa na pikrati, unafunga, unaacha mpaka kesho yake. Gesi ya sianidi inapanda, inakutana na karatasi, na njano inageuka kuwa rangi ya machungwa ao kahawia kadiri sumu ilivyo nyingi. Unalinganisha na kadi ya rangi. Labo yenye chombo cha kupima mwanga inaweza kuosha rangi hiyo ndani ya maji na kuisoma kwenye mawimbi ya nanometa 510, ipate namba kamili.

Yote ambayo mwanafunzi alifundishwa yako ndani ya chupa hiyo: enzimu ya mwaka wa tatu, gesi ya mwaka wa kwanza, mwanga na rangi ya TP. Tena usalama. Asidi ya pikriki ikikauka inaweza kulipuka. Ndiyo maana karatasi zinatayarishwa na wenye kujua na kupelekwa zikiwa tayari, si kila mtu achanganye nyumbani.

Mwanafunzi wa Bukavu, Goma, Kisangani ao Kalemie anayetafuta somo la memware yake hana lazima ya kwenda mbali. Achukue unga wa masoko matatu, aulize kila muuzaji aliloweka siku ngapi, apime kila mfuko mara tatu, aandike. Kazi kama hiyo inagharimu kidogo kuliko nyingi, na jibu lake linamhusu kila mnunuzi.

Tusijifanye kama njia ni laini. Labo nyingi za vyuo vya mashariki zinahesabu saa za umeme. Dawa za kupimia zinatoka mbali, zinapita mipaka, zinafika zimepita tarehe ao hazifiki. Mizani yenye kupima miligramu inataka meza isiyotikisika na mtu wa kuirekebisha. Darasa la watu mia moja likiwa na bureti 5, wengi wanamaliza mwaka wamemwona mwenzao akipima. Ukitaka kujua kama idara ni nzuri, usiangalie rangi ya jengo. Uliza kila mwanafunzi anashika chombo mara ngapi kwa mwaka.

Na kazi? Labo za OCC zinazokagua bidhaa, Regideso kwa maji, viwanda vya bia, labo za hospitali na za madini, na Pharmakina ya Bukavu ambayo inatoa kinini kutoka ganda la mti wa kinkina, mfano mzuri kuliko yote huku kwetu wa kemia ya mmea kugeuka dawa. Wengi zaidi wanakuwa walimu wa sekondari.

Kulowanisha unga: vile inafanyika

Bradbury hakuishia kwenye kupima. Alikuta kwamba unga uliokwisha kusagwa, ambao bado uko na linamarini, unaweza kusafishwa tena kwa maji kidogo, kwa sababu enzimu iliyokauka inaamka ikilowana. Daktari Banea na watu wa PRONANUT wakishirikiana naye walifundisha njia hiyo wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, eneo la afya la Popokabaka, Kwango. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: muda wote wa kazi hiyo hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo, na tiosianati kwenye mkojo wa watoto wa shule ilishuka. Baadaye vijiji vingine vilifuata.

Njia hii haiondoi lazima ya kuloweka siku 3 ao 4. Inasaidia pale mama amenunua unga sokoni bila kujua ulitayarishwa namna gani, ao njaa imemlazimisha kufupisha siku, ao ni wakati wa ukame.

Tia unga ndani ya beseni, tia alama pale unga unapofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya kwa mkono. Kwanza unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, maji yametosha. Tandika unga huo mbichi juu ya mkeka ao sahani pana, unene usipite sentimita moja. Acha saa 2 juani, ao saa 5 kivulini ikiwa mvua inanyesha, mahali ambapo hewa inapita, maana gesi inatoka wakati huo. Usiufunike, usiufungie ndani ya chumba kidogo na mtoto. Sumu inapungua mara 3 mpaka 6. Kisha chemsha maji, sonda ugali kama kawaida siku hiyohiyo. Ladha haibadiliki vibaya. Wamama wa Kwango walisema ugali ulikuwa mzuri zaidi, kwa sababu uchungu ulipungua.

Mtu ambaye miguu imekakamaa ghafula apelekwe kwenye kituo cha afya kwa haraka, asizungushwe kwa waganga kutafuta nani amemloga. Dawa ya kurudisha miguu ya konzo haijapatikana, lakini mazoezi ya viungo, fimbo nzuri, na kwa wengine upasuaji wa mishipa ya vifundo, vinaweza kumsaidia kutembea. Na unga wa nyumba hiyo ubadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu ndugu zake wamekula sahani moja naye.